Maua Mekundu ya Kandolo

Mkwe wangu akikata vitunguu na nyanya na kuvinyunyizia siki, mimi hutoka jikoni nikaenda kukaa barazani. Yeye anadhani siki inaniumiza kifua, nami nimemwacha adhani hivyo. Ukweli ni kwamba harufu ile inamleta Tonton Assani mlangoni, na vidole vyake vya kahawia ambavyo havikutakata hata avisugue kwa sabuni kiasi gani. Nikishamwona yeye, lazima nimwone na Koko, na hapo siwezi tena kusimama jikoni nikacheka na watu.

Nianze kwa kuwaonya: mimi ni mtu wa kushuku. Muuza unga akinichekea sana, naangalia kikombe chake cha kupimia. Mtu akiniambia hakuna shida, nauliza shida ipi. Sikuzaliwa hivi. Nilifundishwa na Koko, mama yake papa, na somo lenyewe lilikolea katika msimu mmoja wa mvua, miaka michache kabla ya uhuru, wakati mji wetu ulikuwa na jina la mzungu kwenye makaratasi na sisi majumbani tunauita Kisangani.

Papa alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa. Mdogo wake, Tonton Assani, alikuwa mtu wa kwenda. Alifanya kazi Yangambi, kwenye kituo cha wazungu wanaochunguza mimea, na kazi yake ilikuwa kusafisha picha ndani ya chumba cha giza. Dawa za kusafishia picha zinanuka siki, ndiyo maana na yeye alinuka siki. Kila alipokuja kwa boti alileta samaki wa moshi na maneno ya kuchekesha, na sisi watoto tulimpenda kupita kiasi kwa sababu hakutuuliza habari za shule.

Mwaka ule alikuja mwishoni mwa kiangazi chetu kifupi, wakati vumbi limekaa juu ya majani ya ndizi na kila mtu anatazama juu akingoja wingu. Shingoni alikuwa amening'iniza kamera ndani ya mfuko wa ngozi. Jioni hiyo tulikuwa tunakula lituma ya ndizi na pondu ya majani ya muhogo, akatangaza kwamba kituo kimemwazima kamera azunguke mji na vichaka vyake, akipiga picha maua ya porini yanayotoka na mvua za kwanza. Angeyafuata kadiri yanavyochanua mpaka msimu uishe.

Koko aliacha kutafuna. "Ni maua ya kula?"

"Hapana, Mama."

"Ya dawa?"

"Hapana. Ni maua tu. Wanataka kujua inatokaka wakati gani."

"Bon," Koko akasema, akarudi kwenye pondu yake. Nilimjua Koko. Akikasirika alipiga kelele mpaka jirani wa tatu anafunga dirisha. Kimya chake kilikuwa kitu kingine.

Lazima niwaambie picha ilikuwa nini kwetu wakati huo. Ulipigwa picha ukiolewa, au ukitafutiwa kitambulisho. Ulivaa nguo ya sikukuu, ukaazima saa ya mkononi, ukasimama mbele ya pazia la fundi bila kupumua. Filimu ilikuwa ghali. Mtu anayeimaliza filimu kwa kupiga majani, ama ana wazimu, ama anadanganya, na Tonton hakuwa na wazimu. Mtaa mzima ulifikia hapo bila kuitisha mkutano. Mama Vumilia, jirani yetu aliyeuza mandazi, alisema kwa hakika kwamba wazungu wanatafuta sumu. Wengine walisema chini ya maua kuna almasi. Watu walimwita Tonton barazani, wakamkaribisha kahawa, wakamkodolea macho akinywa.

Koko hakusema sumu wala almasi. Alingoja Tonton atoke kwenda msikitini, akanivuta nyuma ya nyumba, penye kinu.

"Zaina, kesho utamufwata tonton yako. Utamubebea kisanduku. Fasi anaenda, na wewe unaenda. Ukirudi utaniambia yote, hata kama amekohoa."

"Kwa nini, Koko?"

"Walikujaka na kamba," akasema. "Walisema: tunapima tu. Kiisha tukahama."

Sikuelewa kamba gani, ila nilielewa kwamba nimepewa kazi ya mtu mzima, na kifua kikanijaa.

Mvua ya kwanza ilinyesha, na siku zilizofuata zilikuwa tamu hata leo naona haya kuzikumbuka. Tulikwenda Wagenia, kwenye maporomoko ya mto, ambako wavuvi walikuwa wanapanda kwenye miti yao juu ya maji yanayonguruma kuangalia mitego, na hakuna aliyeangalia yale maua meupe membamba yaliyojibanza katika nyufa za mawe. Tonton alilala kifudifudi kwenye jiwe lenye maji na suruali yake safi, akangoja upepo utulie. Wavuvi walimcheka wazi wazi. Tulikwenda mto Tshopo, kwenye maua ya manjano yanayopanda juu ya vichaka. Tulikwenda Simi-Simi, pembeni ya uwanja wa ndege, ambako nyasi zilikatwa fupi na katikati yake vikatoka viua vya zambarau vidogo kuliko kucha yangu. Ndege ilitua karibu yetu kwa kishindo nami nikaziba masikio. Tonton hakuinua kichwa.

Aliniacha nichungulie ndani ya kamera. Nilishangaa kuona ulimwengu mdogo, safi, uliogeuka, kulia kukiwa kushoto. Alisema siku filimu ikibaki kidogo atanipiga na mimi. Nilimwamini, na papo hapo nikajilaumu kwa kumwamini, kwa sababu jioni nilitakiwa kusimama mbele ya kinu na kueleza yote. Mtoto anaweza kumpenda mtu na kumpeleleza siku hiyo hiyo. Sikuona ugumu wowote. Ugumu ulianza pale Simi-Simi.

Kwanza, gari lilisimama barabarani. Akashuka mzungu mwembamba mwenye kofia, na Tonton akainuka haraka, akapangusa magoti, akavua kofia yake mwenyewe. Waliongea Kifaransa kwa sauti ya chini. Mzungu alionyesha kwa kidole upande wa barabara ya Yangambi, na Tonton akatikisa kichwa kukubali. Mzungu akaondoka bila kumpa mkono.

Pili, tukiwa njiani kurudi, Tonton akaniuliza huku anaangalia pembeni, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa.

"Zaina, ile maua nyekundu ya mvua, mbado haiyatoka?"

"Maua gani, Tonton?"

"Ile ya Kandolo. Mama na wenzake wanaendaka siku gani?"

Nilisema sijui. Nikahamishia kisanduku bega la pili, nikatangulia.

Hapa niwaeleze Kandolo. Ilikuwa kijiji cha Koko, ng'ambo ya Simi-Simi, ndani kidogo kutoka barabara ya Yangambi. Zamani, kabla sijazaliwa, serikali ilikuja na kamba za kupimia, kisha ikawahamisha watu wa vijiji vya ndani na kuwapanga kando ya barabara, ili iweze kuwaona na kuwahesabu. Nyumba zikaachwa zikaanguka. Makaburi hayakuweza kuhamishwa. Babu yangu, mume wa Koko, baba yao Papa na Tonton, alikuwa amelala huko pamoja na wazee wake.

Watu wa Kandolo hawakujenga makaburi kwa mawe. Mwanamume alichimba na kuzika. Baada ya arobaini mwanamke wa nyumba alikwenda na kitunguu cha ua moja la msituni, akakipanda kichwani pa marehemu. Ua hilo mwaka mzima huwezi kuliona. Mvua kubwa za kwanza zikianguka, linachomoza kutoka ardhini peke yake, bila jani hata moja, bua nene na juu yake tufe jekundu kubwa kama kichwa cha mtoto. Linakaa siku chache, linanyauka, kisha nyasi zinapanda na kufunika kila kitu. Kwa hiyo wanawake walikwenda na mafagio katika siku hizo chache tu, maana ndizo siku ambazo unaweza kujua nani amelala wapi. Kufagia ilikuwa kazi ya wanawake. Wanaume waliokwenda kutafuta kazi mjini hawakuwahi kuyaona maua yakichanua, na kichaka kilipokua hata njia waliisahau.

Jioni ile nilimweleza Koko yote, gari, mzungu, kidole, na swali. Mwichi aliokuwa anatwangia ulibaki hewani.

"Ameuliza Kandolo?"

"Ndiyo, Koko."

"Ameuza baba yake," Koko akasema. Hakuninong'oneza mimi. Alikiambia kinu.

Habari zilikuwa zimeshasambaa wakati huo kwamba kuna kampuni inatafuta ardhi upande ule ipande kahawa. Koko aliunganisha kamba na kamera, na kusema kweli, ningekuwa mtu mzima hata mimi ningeviunganisha. Kama wazungu wakijua mahali pale penyewe, trekta litapita juu ya babu yangu. Hofu yake ilikuwa hiyo moja, na haikumwacha alale.

Mvua kubwa ilinyesha siku mbili. Asubuhi mbingu zilipotakata, Koko aliniamsha, tukatoka na wanawake wengine wa Kandolo waliokuwa wanakaa mjini, wamebeba vikapu kama watu waendao shamba. Niliona hakuna hata mmoja mwenye fagio. Mama Vumilia, naye wa Kandolo, alikuwa na kisu cha kukatia samaki.

Tulipita Simi-Simi, tukashika barabara, tukaingia kwenye njia ambayo mimi nisingeiona. Mguu wangu ulizama kwenye majani yaliyooza, na hewa ilinuka udongo na uyoga. Kisha msitu ukalegea, tukatokea penye nyasi changa, na nikasimama.

Yalikuwa yamechanua yote. Nyekundu, nyekundu, nyekundu, mpaka penye miti. Tena yalikuwa yamesimama kwenye safu zilizonyooka, moja nyuma ya nyingine, kwa sababu watu wetu walizikwa wakielekezwa kibla, wote upande mmoja. Wenye nyumba moja walikaa karibu karibu. Maua ya watoto yalipangwa pembeni. Nilihisi kama nimeingia msikitini wakati watu wamesimama swala, nikatamani kuvua viatu ambavyo sikuwa navyo.

"Mukate," Koko akasema.

Wanawake hawakusogea. Koko akachukua kisu mkononi mwa Mama Vumilia, akaenda moja kwa moja kwenye ua lililokuwa mwanzo wa safu ya tatu, akainama. "Unisamehe, Papa Saidi," akamwambia mume wake. "Si wewe nakata. Nakuficha." Bua lilikatika kwa sauti ya tango.

Baada ya hapo wote walikata. Kila mmoja alikata la watu wake, akiomba radhi kwa jina, na vikapu vikajaa. Wengine walilia. Koko hakulia. Alikuwa na haraka.

Tulikuwa tumebakiza maua machache ya pembeni tuliposikia kengele ya baiskeli, kisha matawi yakivunjika. Tonton Assani alitokea akihema, amelowa umande mpaka kiunoni, kamera mkononi. Sijui nani alimwambia. Nadhani alituona tukipita, akafuata nyayo zetu kwenye tope.

Aliangalia uwanja. Aliangalia vile visiki vya kijani vinavyotoa maji.

"Mama, mumekata yote?"

"Yote." Koko alisimama katikati, amekumbatia maua mekundu mpaka kidevuni. "Si ulikuja kupiga foto? Alors, piga sasa! Piga majani, uwapelekee bazungu yako."

Tonton aliangalia wanawake, akaniangalia na mimi. Nilijificha nyuma ya kikapu. Nilidhani atakasirika, nikadhani pia ataomba msamaha, maana mwizi aliyekamatwa hufanya moja kati ya hayo. Hakufanya lolote. Aliinua kamera, akaiinamia, akampiga picha mama yake. Ikasikika kacha. Akageuka, akaiburuza baiskeli yake kwenye majani, akaenda.

Siku hiyo Koko alipika kama siku ya Idi.

Majuma kadhaa baadaye walikuja watu wa serikali kuuliza kama ardhi ile ina wenyewe. Chifu wa vijiji vya barabarani alisema ni pori. Koko, aliyesikia habari hiyo sokoni, alikwenda mwenyewe mbele yao na kusema hapana, kuna makaburi. Wakamwambia awaonyeshe. Nilikwenda naye. Nyasi zilikuwa zimefika kifuani pake. Alizunguka humo akizipasua kwa mikono, akisema ni hapa, kisha akisema hapana, ni pale, na wale watu walisimama wakipangusa jasho na kutazama saa zao. Hakupata hata kaburi moja la kuwaonyesha. Mwaka uliofuata walipanda kahawa.

"Assani ndiye aliwaonyesha njia," Koko alisema, na alisema hivyo mpaka kufa kwake. Tonton aliendelea kuja kwa boti na kuleta samaki. Koko aliwapokea, akashukuru kwa adabu, akawapeleka kwa jirani. Hakula tena kitu kilichotoka mkononi mwa mwanawe. Siku za ugonjwa wake wa mwisho, Tonton alikaa mlangoni kwenye kigoda, na maji ya kunywa Koko aliyapokea kwangu tu.

Nilikuwa nimeshaolewa na kuzaa nilipomuuliza. Tulikuwa nyumbani kwake Yangambi, ukingoni mwa mto, naye alikuwa amezeeka na kukohoa. Sikuzunguka.

"Tonton, uliuza Kandolo?"

Alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Nilipomletea maji, alinieleza pole pole. Katika chumba chake cha giza alisafisha siku moja picha iliyopigwa kutoka kwenye ndege. Ilionyesha upande wote wa Kandolo, na mtu alikuwa ameshachora juu yake kwa penseli mipaka ya shamba la kahawa. Kutoka juu ilikuwa msitu tu, pasipo mtu. Tonton alikuwa anamfahamu mzungu mmoja aliyeshughulikia mambo ya ardhi, yule mwembamba wa Simi-Simi. Yule alimwambia kwamba neno la mtu mweusi peke yake hawezi kulipeleka popote, lakini picha anaweza kuipeleka. Tonton alikumbuka maneno ya wanawake aliyoyasikia utotoni, kwamba maua ya Kandolo yanasimama kwa safu. Maua ya pori hayasimami kwa safu. Yeyote akiyaona kwenye picha angejua yamepandwa na mikono ya watu, juu ya watu. Kwa hiyo aliomba kutumwa kwenye kazi ile ya maua, akangoja mvua.

"Na kwa nini hukumwambia Koko?"

"Mbele, kabla ya siku ile? Ningemwambia, mama angetangaza mpaka Wagenia, na mimi ningeenda buloko, gerezani." Hilo ni kweli. Koko hakuwa na kufuli mdomoni. "Kazi ile, ukisema kitu umeona mu chumba ya giza, wanakufunga."

"Na baadaye? Siku ile ile, pale pale?"

Tonton alitazama mto. Mtumbwi ulikuwa unapita, na mwanamke aliyekaa ndani alitupungia.

"Ningemwambia nini, Zaina? Kama ni mukono yake ndiyo ilimaliza kaburi ya papa? Kiisha alale namna gani?" Akanywa maji. "Donc, niliona afazali anichukie mimi."

Nilikuwa nimekwenda kwake na hasira ya miaka, na sikujua niiweke wapi. Nililia kama mtoto. Wote wawili walikuwa wanalinda kaburi moja, kila mmoja akimficha mwenzake, na mimi katikati nikibeba maneno kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Koko hakuwa mjinga. Alikuwa amefundishwa kwamba kila anayekuja kutazama anakuja kuchukua, na mara zote alizowahi kuona ilikuwa hivyo. Mara hii moja tu aliyekuja kutazama alikuwa amekuja kutetea, na alikuwa amemzaa mwenyewe.

Vitunguu vya maua havikufa. Kahawa yenyewe iliachwa zamani, ikageuka pori. Mvua za kwanza zikianguka nampeleka mjukuu wangu Kandolo, na yale matufe mekundu yanatoka katikati ya mibuni mizee, katika safu zake yenyewe, yakizikata safu za kahawa kwa mshazari. Tunafagia. Mjukuu wangu huyapiga picha kwa simu yake, nami nimejizuia kumuuliza anazipeleka wapi.

Picha ile ya Tonton ninayo. Alinipa siku ile, na iko ukutani sebuleni, juu ya redio. Maua yametoka meusi, kwa sababu filimu yake haikuwa na rangi. Koko amesimama amekaza taya, na macho yake yanakuja moja kwa moja mpaka unataka kurudi nyuma. Kila mgeni huuliza huyu mama mkali alikuwa anamtazama adui gani.

Nawaambia alikuwa anamtazama mwanawe.